Msaidizi wako, msimamizi wa kituo au kiolezo? Kupiga kura ukiwa na ulemavu Mombasa

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya utakuwa Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Wengi wetu tuna swali moja tu: nimpe nani kura yangu? Mtu asiyeona, anayetumia kiti cha magurudumu au ambaye mikono yake haishiki kalamu ana maswali mengine yanayotangulia hilo. Nitafikaje kituoni? Nitaingiaje? Na nikishaingia, nani atajua nimemchagua nani?

Katiba ya 2010 imeahidi mambo mawili. Ibara ya 38 inampa kila mtu mzima aliye raia haki ya kupiga kura kwa siri. Ibara ya 82 inataka upigaji kura uwe rahisi, uwe wa wazi, na uzingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu. Ahadi hizi mbili zikikutana ndani ya darasa huko Kisauni au Changamwe, mara nyingi hugombana: anayerahisishiwa hupoteza siri yake, na anayeng'ang'ania siri hurudi nyumbani hajapiga kura. Katika ulinganisho huu wa vituo, wasaidizi na vifaa kama kiolezo (jaketi lenye matundu, la kuchomekea karatasi ya kura), basi, kipimo changu cha kwanza ni siri, na urahisi unafuata. Najua wapo watakaonipinga, hasa waliowahi kubebwa mgongoni kupandishwa ngazi. Kwa hivyo nianze na hizo ngazi.

Kituo cha karibu au kituo tambarare?

Kenya hatuna kura ya posta, wala hakuna maafisa wanaokuja kukupigisha kura kitandani. Utapiga pale jina lako lilipo kwenye sajili, basi. Uamuzi mzito zaidi, kwa hiyo, haufanywi Agosti. Unafanywa siku ya kujiandikisha au ya kuhamisha kituo. Anayehama anatakiwa kuiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Ukingoja mpaka mabango ya wagombea yajae Digo Road, umechelewa.

Watu hujiandikisha shule iliyo karibu na nyumbani bila hata kuitazama. Kwa mtu asiyeona hilo si kosa. Njia ameizoea, mtaro anajua uko wapi, kona ya duka anaijua kwa harufu ya maandazi, na wapita njia wanamfahamu. Karibu ni bora kwake. Kwa mwenye kiti cha magurudumu mambo yanageuka. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba na vimejaa mabaraza. Kwingine njia ni mchanga mtupu na gurudumu linazama. Shule ya mbali kidogo ambayo tuktuk inaingia mpaka uwanjani, na mlango wa darasa uko sawa na ardhi, inaishinda ile iliyo nyuma ya nyumba yenye vidato vitatu vya saruji. Lakini angalia jambo moja: ukihamia kituo kilicho nje ya wadi yako, mwakilishi wadi utakayemchagua ni wa huko. Ukivuka mpaka wa eneo bunge, mbunge naye anabadilika. Tafuta kwanza ndani ya wadi yako.

Likoni ina habari yake. Anayelala Likoni, ng'ambo ya feri, na kufanya kazi kisiwani hushawishika kujiandikisha Mvita kwa sababu huko ndiko anakoshinda. Asifanye hivyo. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na siku ya kura wale wenzake wa kazini wanaomsukuma kila asubuhi watakuwa kwenye foleni zao. Jiandikishe upande unaolala.

Kuna pia suala la ghorofa. Kituo kikubwa hugawanywa vyumba kadhaa, kila chumba kikiwa na wapiga kura wasiozidi 700, na majina hupangwa kwa alfabeti. Maana yake herufi ya jina lako ndiyo inayoweza kuamua kama utapigia chini au juu. Ukifika ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako kujiandikisha, uliza ni madarasa gani ya shule ile yanayotumika. Shule isiyo na ghorofa kabisa ni salama kuliko yenye ghorofa na lango pana.

Halafu usihesabu safari moja. Mwaka 2022 sisi wa Mombasa tulipiga kura tarehe 9 Agosti, kisha tukarudi tarehe 29 kumchagua gavana, kwa kuwa karatasi za ugavana zilikuja na makosa na uchaguzi huo ukaahirishwa. Mwaka 2017 nchi nzima iliitwa tena tarehe 26 Oktoba baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa rais. Na urais ukikosa mshindi, Katiba inataka kura nyingine ndani ya siku 30. Mwenye miguu mizima hulalamika kuhusu foleni tu. Anayekodi tuktuk ya kwenda, kungoja na kurudi hulipa mara mbili. Gari la mgombea litakuja mpaka mlangoni bila nauli, nalo halikosi swali la kukuuliza njiani. Mimi ningelipa nauli yangu.

Msaidizi wako au msimamizi wa kituo?

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo nitakapokaa.

Kanuni za Uchaguzi za 2012 zinamruhusu mpiga kura asiyeweza kuweka alama mwenyewe, kwa sababu ya ulemavu au ya kutojua kusoma na kuandika, asaidiwe na mtu aliyemchagua kwa hiari yake. Mtu huyo asiwe mgombea wala wakala wa mgombea au chama. Atajaza fomu na kuapa kutunza siri, na hataruhusiwa kumsaidia mpiga kura mwingine katika uchaguzi huo. Ukija peke yako, atakayekusaidia ni msimamizi wa kituo, mbele ya mawakala.

Hayo maneno matatu ya mwisho yaliwekwa kwa nia njema. Mawakala wapo ili afisa asikuibie kura: ukitaja mtu wako, wanaona alama imewekwa pale pale. Shida ni kwamba ili wahakikishe, lazima wasikie. Nimewahi kuwa kituoni mzee mmoja akaulizwa kwa sauti ya kumfikia sikioni, "Mzee, rais nani?" Naye akajibu kwa sauti ile ile, na akaendelea hivyo hivyo mpaka kwa mwakilishi wadi. Foleni ilicheka. Watu hudhani jina linaloleta matata likisikika ni la rais. Rais yuko mbali. Mgombea wa wadi ni mtu wa mtaani, wakala wake ni mtoto wa jirani, na kura hiyo ndiyo itakayokufuata mpaka kwenye foleni ya maji.

Ukiwa na msaidizi wako, kibandani mko wawili tu. Hakuna anayesikia. Lakini pia hakuna anayehakikisha. Akiamua kuweka alama kwa mtu wake, hutajua maisha yako yote. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: unachokiogopa zaidi ni masikio ya mtaa au mkono wa msaidizi?

Kwa wengi jibu langu ni msaidizi, na si lazima awe mume, mke au mtoto. Mama yangu mdogo hajaona tangu ugonjwa wa sukari umharibu macho. Mumewe ni mtu wa siasa, wa kukesha barazani akibishana, na kila uchaguzi ndiye aliyekuwa akimshika mkono. Safari iliyopita mama mdogo akamchukua binti wa jirani. Mzee alinuna. Nami nilipomuuliza mama alimpigia nani, akanijibu kuwa sababu hasa ya kwenda na mtoto wa watu ni kwamba hataki mimi nijue.

Mchague anayesoma vizuri, asiyevaa kofia ya chama chochote, na ambaye mkikosana kesho hatakuwa na la kukushikia. Aje na kitambulisho chake. Kaeni jioni moja mpitie wagombea wa nafasi zote sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Mle kibandani akusomee majina yote ya kila karatasi, hata kama ulishaamua, maana mpangilio wa karatasi unaweza kuwa tofauti na ulivyodhani. Na badala ya kutamka jina, mbonyeze mkono: mara moja kwa wa kwanza, mara tatu kwa wa tatu. Kibanda ni cha kadibodi, hakizuii sauti.

Ile kanuni ya msaidizi mmoja kwa mpiga kura mmoja huwakwaza watu wengi kuliko ngazi. Mume na mke wote hawaoni: wanahitaji wasaidizi wawili. Kikundi cha wasioona kikija na kijana mmoja wa kuwaongoza, mmoja tu ndiye atakayehudumiwa naye na wengine wataangukia kwa msimamizi, mbele ya mawakala. Vikundi vya watu wenye ulemavu hapa Mombasa, ambavyo vingi hujipanga vizuri kwa semina na matembezi, vingefaa kuandaa orodha ya vijana wa kujitolea, mmoja kwa mmoja, wiki kadhaa kabla.

Kuna wakati msimamizi ni bora. Kama unaishi kwa mtu anayekulisha, naye ameshakuambia kura yako ni ya nani, mawakala wa vyama vinavyopingana ni kinga nzuri kuliko yeye. Ukifika kwa msimamizi, mwombe mambo mawili: asogee na azungumze chini, na mawakala waje karibu na meza badala ya kusomewa wakiwa ukutani. Kama macho yako yanaona lakini mikono haifanyi kazi, onyesha kwa kidole, kiwiko au kidevu. Karatasi zina picha na alama za vyama, hakuna haja ya kutaja jina.

Njia ya tatu watu huisahau: kupiga peke yako. Makarani wakiona mkongojo hukimbilia kusaidia, kana kwamba ni amri. Msaada hutolewa ukiuomba. Mwenye uoni hafifu anaweza kuja na kioo cha kukuzia na kitochi, akajisomea taratibu huku foleni ikimngoja. Mwenye vidole dhaifu anaweza kuomba akunjiwe karatasi tu, baada ya kuweka alama mwenyewe. Mwenye kiti aombe meza ya chini. Na asiye na vidole, au ambaye alama zake za vidole zimefutika kwa kazi au kuungua, asikubali kurudishwa: mashine ya KIEMS, ile ya kutambua wapiga kura, inaweza kumtafuta kwa nambari ya kitambulisho, kisha anajaziwa fomu.

Kwa asiyeona kabisa, njia hii ya tatu kwa sasa ni ngumu, na si kwa sababu ya karatasi peke yake. Karatasi sita zina rangi sita, na kila rangi ina sanduku lenye kifuniko chake. Ukiweka ya seneta kwenye la mbunge, huenda isihesabiwe. Aliyebuni mpango huo aliwafikiria wasiojua kusoma, na aliwafikiria vizuri. Rangi haimsaidii mtu asiyeiona.

Viziwi wao hawana tatizo kibandani. Tatizo lao liko mezani, karani anapowaita wakiwa wameangalia pembeni, au anapowaeleza kitu huku ameinamia sajili. Kati ya kwenda na mkalimani wa lugha ya ishara na kwenda na kadi iliyoandikwa "Mimi ni kiziwi, niandikie", mkalimani ni bora kama yupo, hasa kukitokea mzozo wa jina. Kama hayupo, kadi inatosha kwa anayesoma.

Kiolezo, kura ya nyumbani au mashine?

Sehemu hii ni ya wale wanaokwenda mikutano ya IEBC na kamati za Bunge kudai mabadiliko, kwa sababu pesa ya kufanya yote kwa pamoja haitapatikana, na ukiomba vitu vitatu hutapewa hata kimoja.

Kiolezo ni jaketi la kadibodi au plastiki. Unachomeka karatasi ya kura ndani yake. Pembeni kuna nundu au Breli, yaani maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, na mbele ya kila mgombea kuna tundu la kuwekea alama. Ghana ilikitumia katika uchaguzi wa 2004, Liberia 2005. Si kitu cha nchi tajiri. Uzuri wake ni kwamba kinarudisha vyote viwili, siri na uhakika: mkono ni wako na hakuna anayesikia.

Kina tatizo linalojificha. Tundu linakuambia uko kwa mgombea wa tatu. Halikuambii wa tatu ni nani. Uingereza walilumbana kuhusu hilo mpaka mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kuwa kifaa kinachomwezesha asiyeona kuweka alama bila kujua jina aliloliwekea hakitoshi. Kwa hiyo kiolezo lazima kije na orodha ya wagombea, kwa Breli na kwa sauti. Na sauti isiachwe. Aliyesoma Shule ya Wasioona ya Likoni atasoma Breli bila shida, lakini aliyepoteza macho akiwa na miaka 60 kwa sukari au presha ya macho hajui nukta hata moja. Wapo wengi wa aina hiyo.

Kisha hesabu. Kenya ina karatasi moja ya rais, kaunti 47 zenye karatasi tatu kila moja, maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Jumla ni karatasi 1,882 tofauti. Mombasa peke yake, yenye maeneo bunge sita na wadi 30, inahitaji 40. Tukidai kiolezo cha kila karatasi, tutapewa cha rais peke yake na kuambiwa tushukuru. Afrika Kusini walilikwepa hilo kwa kutumia kiolezo kimoja kinachokubali karatasi tofauti, kikiwa na nafasi zilizopewa nambari. Tukikiomba hicho, kimoja kwa kila chumba, nambari kwa Breli na kwa maandishi makubwa, tunaomba kitu kinachowezekana. Kituo pia kiweke alama ya kuguswa kwenye vifuniko vya masanduku, nundu moja mpaka sita. Gharama yake ni gundi.

Kura ya nyumbani ndiyo inayowagusa walioachwa kabisa. Kwa mtu asiyetoka kitandani, kila nilichoandika hapo juu ni porojo. Afrika Kusini maafisa huwatembelea walioomba, kabla ya siku ya uchaguzi. India katika uchaguzi wa 2024 iliwaruhusu wenye umri wa miaka 85 na zaidi, pamoja na watu ambao ulemavu wao umepimwa kuwa wa asilimia 40 au zaidi, kupigia nyumbani. Hata hivyo, fikiria maafisa wanapanda ngazi za nyumba ya Kuze au Kibokoni kule Mji wa Kale, nyuma yao mawakala wanne, chumbani shangazi, wajukuu na jirani aliyekuja kutazama. Siri iko wapi? Watu hao lazima watolewe nje, na anayelala hapo ndiye asiye na nguvu ya kuwatoa. Naiunga mkono, lakini kwa masharti: maombi yaandikwe mapema, mawakala wakae mlangoni, na karatasi ifungwe kwenye bahasha.

Mashine na simu zinavutia zaidi kuzisikiliza. Marekani, kwa sheria ya 2002, kila kituo katika chaguzi za kitaifa kinatakiwa kuwa na mashine angalau moja inayotumika na watu wenye ulemavu, wakiwemo wasioona. Mashine za India zina Breli kando ya vitufe. Australia wasioona wamekuwa wakipiga kura kwa simu tangu 2013. Lakini jimbo lao la New South Wales lilipata funzo 2021: mfumo wao wa intaneti ulizidiwa siku ya uchaguzi, baadhi ya watu wakakosa kupiga, na matokeo ya baadhi ya mabaraza ya serikali za mitaa yakabatilishwa mahakamani. Sisi tuliobishana kuhusu seva za IEBC mwaka 2017 mpaka Mahakama ya Juu ikaagiza zikaguliwe, tukiweka kura za walemavu peke yao kwenye intaneti, zitakuwa za kwanza kutiliwa shaka. Sitaki kura ya mama mdogo iwe ushahidi wa kesi.

Mpangilio wangu, basi: kiolezo kimoja cha wote na chumba cha chini kwanza, kura ya nyumbani pili, mashine baadaye sana. Sababu si bei tu. Kura ya nyumbani inahitaji sheria na kanuni zibadilishwe, na kazi hiyo hupita Bungeni, ambako wabunge wenyewe wanagombea kura hizo hizo. Kiolezo na kuhamisha chumba kutoka ghorofani havihitaji sheria mpya. Ibara ya 54 imeshawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika kila mahali bila vikwazo visivyo vya lazima, na haki ya vifaa vya kuwawezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wao. Anayekwenda ofisi ya eneo bunge na barua aikumbushe IEBC ibara hiyo, ataje jina la shule, aeleze ni darasa gani lenye ngazi, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.